Kuzunguka Ziwa kwa Baiskeli ya Barabarani: Mwongozo Kamili wa Kuchora Njia Tulivu

Ziwa likitazamwa kwenye ramani humdanganya mwendesha baiskeli. Maji yako katikati, barabara imeyazunguka, na inaonekana hakuna hata pa kupotelea: shika ukingo tu, mwisho utajikuta ulikoanzia. Ukishaingia barabarani ndipo unapogundua mambo mawili. La kwanza, barabara inayogusa maji mara nyingi ndiyo yenye magari mengi kuliko zote. La pili ni zito zaidi: ziwa halina njia ya mkato. Ukifika upande wa pili, kurudi na kuendelea ni umbali uleule, uwe umechoka, umelowa au umekatikiwa spoki.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani, kabla tairi halijagusa lami. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo kwa mpangilio wake, kuanzia kuchagua ziwa hadi kupita kona yenye changarawe. Umeandikwa kwa mtu mwenye baiskeli ya barabarani ambaye tayari anaweza kukaa kwenye kiti saa mbili au tatu bila shida, lakini hajawahi kuchora njia yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua ziwa la kiasi chako

Maziwa yanayopendwa na waendesha baiskeli yanatofautiana sana kwa ukubwa. Kulizunguka Ziwa Annecy, Ufaransa, ni karibu kilomita 40, kazi ya asubuhi moja. Tahoe, Marekani, ni kama 116. Mashindano ya Ziwa Taupō, New Zealand, ni kilomita 160. Ziwa Geneva ni karibu 180, Biwa la Japani karibu 200, na njia ya Bodensee inayopita Ujerumani, Austria na Uswisi ni kama 260. Wenye miguu ya chuma hukutana Sweden kila Juni kulizunguka Ziwa Vättern, kilomita 315, safari inayofanyika tangu 1966 na ambayo wengi huianza usiku.

Kanuni yangu ni hii: mzunguko wako wa kwanza usizidi umbali mrefu zaidi uliouendesha kwa raha katika miezi miwili iliyopita. Kwenye njia ya kwenda na kurudi unaweza kujiongezea kidogo, kwa sababu ukiona mambo magumu unageuza. Kwenye mzunguko huna pa kugeuzia.

Usipime kwa urefu wa ufuko unaoandikwa kwenye vitabu. Takwimu hiyo hufuata kila ghuba na kila rasi, ilhali barabara hukata rasi kwa ndani, na mahali pengine huyaacha maji kabisa. Upande wa magharibi wa Taupō, kwa mfano, barabara inapita mbali na ziwa, juu kwenye mashamba na vilima, na mgeni aliyetarajia kupigwa na upepo wa maji kwa kilomita 160 hubaki akijiuliza ziwa limekwenda wapi.

Tena hulazimiki kulizunguka lote. Maziwa mengi yana upande mmoja wa kufurahia na upande mmoja wa kuvumilia. Kama upande wa pili ni barabara kuu ya malori, nenda na kurudi kwenye upande mzuri. Duara kamili hupendeza kwenye ramani kuliko linavyopendeza miguuni, na kwa mtazamo wangu watu wengi hulifuata kwa sababu ya picha tu.

Hatua ya 2: Tafuta barabara ya pili

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko zote.

Ziwa likiwa limezungukwa na vilima, ardhi tambarare huwa ni ule ukanda mwembamba kando ya maji. Reli inaugombea, barabara kuu inaugombea, hoteli na bandari za boti nazo zinaugombea. Kwa hiyo magari yote yanabanwa hapo. Lakini vijiji vya wakulima mara nyingi vilijengwa juu kidogo, mbali na mafuriko na unyevu, na vijiji hivyo viliunganishwa na barabara yake kabla ile kubwa ya chini haijajengwa. Barabara hiyo ya juu bado ipo. Ina kona nyingi, ni nyembamba, inapanda na kushuka, na ndiyo unayoitafuta.

Fungua ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, au programu yoyote inayoitumia, kama Komoot au Ride with GPS. Barabara kuu zinaonekana kwa rangi nzito na mistari minene; ndogo ni nyeupe na nyembamba. Fuata ukingo wa ziwa kwa macho, kisha panda nusu kilomita hadi kilomita tatu kutoka kwenye maji. Ukiona mstari mwembamba unaojipindapinda sambamba na barabara kuu, ukishona kijiji na kijiji, uwekee alama.

Sasa ujaribu kwa swali moja: je, dereva anayetoka mji mmoja kwenda mwingine angeokoa muda kwa kupita hapa? Kama jibu ni ndiyo, hata ikiwa nyembamba itakuwa na magari yanayokimbia, tena madereva wenye haraka wanaoijua kila kona. Kama inaondoka kwenye barabara kuu, inazunguka vijiji vinne kisha inarudi kwenye barabara kuu ileile, wenye safari ndefu hawana sababu ya kuigusa. Atakayekupita ni mkazi, trekta, au gari la barua. Swali hilo moja hunifaa kuliko programu yoyote.

Angalia pia kama kuna njia ya reli iliyokufa. Upande wa magharibi wa Annecy njia ya baiskeli imewekwa palipokuwa na reli ya zamani, na ndiyo maana ni laini bila milima: garimoshi halipandi mteremko mkali. Njia za aina hii ni tulivu kwa upande wa magari, ila Jumapili mchana hujaa watoto, mbwa na watembea kwa miguu. Ukitaka kwenda kasi, zipite alfajiri au zikwepe.

Ramani za joto, kama ile ya Strava (programu ya kurekodi safari za baiskeli), huonyesha wapi waendesha baiskeli hupita kwa wingi. Zitumie kwa tahadhari. Mstari unaong'aa unaweza kumaanisha barabara nzuri, au unaweza kumaanisha kwamba hakuna nyingine na watu wanajikaza tu. Mimi huzitumia kinyume: nikiona barabara ndogo yenye alama hafifu lakini isiyokatika, najua kuna mtu aliyepita akafika, kwa hiyo lami ipo na hakuna geti lililofungwa.

Kisha shuka hadi ngazi ya macho. Picha za Street View (picha za Google zilizopigwa barabarani), mahali zilipo, zitakuonyesha mambo matatu: lami ni ya aina gani, pembezoni kuna nafasi kiasi gani, na kama kuna mstari wa katikati. Barabara ya kijijini isiyo na mstari wa katikati mara nyingi ni ya magari machache na yaendayo polepole. Angalia tarehe ya picha. Lami nzuri ya miaka kumi iliyopita si ahadi.

Mwisho, hesabu milima. Barabara ya pili hailipishi kwa kilomita, inalipisha kwa kupanda. Kila kijito kinachoteremka ziwani kimechimba bonde lake, na barabara yako inashuka bondeni na kupanda tena. Kwenye ramani yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja) utayaona mabonde hayo pale mistari inapojikunja kuelekea juu kama herufi V iliyolala. Mabonde kumi ya mita 30 kila moja ni mita 300 za kupanda kwenye njia ambayo kwa mbali ilionekana tambarare. Gawanya jumla ya mita za kupanda kwa kilomita za njia. Chini ya mita 10 kwa kilomita ni safari ya starehe. Ikifika 15 jiandae kwa jasho. Ikizidi 20 hiyo ni safari ya milimani iliyokaa karibu na maji, na kasi yako ya kawaida haitakuhusu.

Jambo dogo kwa wapenda mandhari: kuwa karibu na ziwa si kuliona. Ziwa Neusiedl, kwenye mpaka wa Austria na Hungaria, lina kina kisichofika hata mita mbili na limezungukwa na ukanda mpana wa matete. Unaweza kuendesha kando yake muda mrefu usione tone. Ukingo wenye kinamasi hukupa ndege na harufu ya tope. Kuona maji kunataka mteremko, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda barabara ya juu.

Hatua ya 3: Amua uelekeo

Biwa huzungukwa kinyume na mwendo wa saa. Japani magari hupita kushoto, na ukizunguka hivyo ziwa linakuwa kushoto kwako, upande uleule unaoendeshea. Vättern huzungukwa kwa mwendo wa saa, katika nchi ambayo magari hupita kulia: tena ziwa liko upande wa mwendesha baiskeli. Shika kanuni hiyo: nchi ya kushoto, zunguka kinyume cha saa, nchi ya kulia, fuata saa.

Faida si mandhari pekee. Upande wa maji una barabara chache zinazoingia, kwa hiyo magari machache yanachomoza mbele yako. Na unapotaka kusimama, kupiga picha au kujaza chupa ufukweni, hukati barabara wala kusubiri pengo kati ya magari. Hasara ipo moja: kwenye barabara iliyochongwa kwenye mwamba, wewe ndiye unayekaa upande wa shimo. Kama kizuizi ni kifupi kuliko kiuno chako ukiwa juu ya baiskeli na wewe huna amani na vimo, panga kinyume.

Kisha kuna upepo, na huo unaweza kuipindua kanuni yote. Chukua mfano. Unaendesha kilomita 40 kwenda na 40 kurudi kwa kasi ya 25 kwa saa: dakika 192 jumla. Siku ya upepo unakwenda kwa 20 na kurudi kwa 30. Wastani unaonekana uleule, lakini kwenda ni dakika 120 na kurudi ni 80, jumla 200. Upepo haurudishi ulichochukua, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ukiwa unaumia kuliko unapofaidi. Na kuumia kwenyewe si haba: ukizidisha kasi mara mbili, nguvu ya kuishinda hewa inakuwa mara nane.

Upepo wa ziwani una tabia zake. Siku ya jua na utulivu, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huja kujaza pengo. Huanza mchana unapokaribia, hukaza alasiri, hufa jua likizama. Kwa kuwa unatoka majini kwenda nchi kavu, kwenye ukingo mrefu unakupiga ubavuni, si usoni. Hapo rimu nene ni balaa: ukipita nyuma ya ukuta au mstari wa miti kisha pengo likatokea ghafla, gurudumu la mbele linasukumwa pembeni. Legeza mikono, usikamate usukani kwa kuukaba.

Maziwa marefu yaliyobanwa na milima ni habari nyingine, maana bonde huugeuza upepo ufuate urefu wa ziwa. Garda, Italia, ni mfano wa darasani: asubuhi huvuma Pelér kutoka kaskazini, mchana hugeuka ukavuma Ora kutoka kusini. Anayelijua hushuka kusini mapema akisukumwa na Pelér, akapumzika, kisha akarudi kaskazini akisukumwa na Ora. Asiyelijua hufanya kinyume na kupigwa usoni kutwa nzima. Kabla ya kwenda ziwa lolote la milimani, tafuta ratiba ya upepo wake. Wenye tanga na wenye kuteleza na mbao majini huwa wameiandika vizuri kuliko waendesha baiskeli.

Kwa upepo wa kawaida wa siku, ukingo ulio upande unaotokea upepo una kinga, kwa kuwa miti na vilima vinaupunguza. Ukingo wa mbali unaupokea ukiwa umeshakimbia juu ya maji bila kizuizi. Hivyo ukiwa na uchaguzi, upepo wa usoni upambane nao kwenye ukingo wenye kinga. Mimi kwenye barabara tulivu naufuata upepo. Kwenye barabara yenye magari naifuata kanuni ya upande wa ziwa, hata nikilipa kwa mapaja.

Hatua ya 4: Weka milango ya kutokea

Kwa kuwa hakuna mkato wa nchi kavu, tafuta mkato wa majini. Bodensee ina vivuko vinavyobeba baiskeli, kama kile cha Konstanz na Meersburg, na kingine cha Friedrichshafen na Romanshorn. Neusiedl kuna boti kati ya Mörbisch na Illmitz. Biwa lina daraja kubwa pale linapobana, na wengi hulitumia kuiacha sehemu ya kusini yenye mji na kubaki na kilomita kama 150 za kaskazini palipo tulivu. Stesheni za reli nazo ni milango, ilimradi umehakikisha garimoshi linapokea baiskeli siku hiyo na saa hiyo.

Kila mlango uandikie mambo matatu kwenye ramani yako: umbali kutoka ulipoanzia, saa unayotarajia kufika, na saa ya chombo cha mwisho. Vivuko vingi vidogo hufanya kazi kwa msimu, na nje ya msimu hupunguza safari au husimama kabisa. Kisha jiwekee amri ukiwa bado na akili timamu mezani: "Kama sijafika hapa saa saba mchana, navuka." Ukiacha uamuzi huo uufanye barabarani, utashinda ubishi na utaishia gizani.

Mahali pa kuanzia nako kuna hekima yake. Anza mahali ambapo kipande kibaya, yaani mji mkubwa au barabara kuu usiyoweza kuikwepa, kinakuja ndani ya saa ya kwanza, magari yakiwa bado hayajaamka. Mlima mkubwa nao uweke mapema kadiri inavyowezekana. Waliozunguka Taupō hulitaja kwa uchungu jina la Hatepe, mlima ambao kwa mita si wa kutisha, ila unakuja mwishoni, miguu ikiwa imeshatumika. Kwenye njia yako mwenyewe huna sababu ya kujifanyia hivyo.

Mahandaki yanastahili sentensi yake. Barabara za kando ya maziwa ya milimani zinayo, na baadhi ni marefu, membamba na yenye giza. Mengine baiskeli haziruhusiwi kabisa. Kuta za Garda zina mahandaki mengi kiasi kwamba wengi hupanda boti kwa sehemu hiyo. Programu ya kuchora njia inaweza kukupitisha humo bila hata kukuonya, kwa hiyo kagua kila kipande ambacho mstari wa barabara umechorwa kwa nuktanukta.

Hatua ya 5: Siku na saa

Foleni za mjini ni za siku za kazi. Foleni za ziwani ni za mapumziko. Jumamosi saa tano asubuhi, siku ya jua, barabara ya ufukweni imejaa magari yanayotafuta maegesho, milango inayofunguliwa bila kutazama, na madereva wanaoangalia maji badala ya barabara. Jumanne barabara hiyohiyo ni yako. Kama huna budi kwenda wikendi, ondoka kukipambazuka na uwe umemaliza ufuko kabla ya saa nne asubuhi, kisha mchana uumalizie kwenye barabara ya juu.

Alfajiri ina kodi yake. Maji yakiwa bado na joto na hewa ikiwa imepoa, ukungu hukaa juu ya ziwa na kumwagika barabarani, hasa kwenye ghuba. Washa taa ya mbele na ya nyuma, hata kama umepanga kurudi saa sita. Na jua la chini ni hatari kuliko ukungu: ukielekea linakochomoza, dereva anayekuja nyuma yako analitazama usoni, na maji yanamrudishia mwanga mara ya pili. Kivuli chako kikiwa kirefu nyuma yako, ujue huonekani vizuri.

Jioni ni ya wadudu. Makundi yao husimama karibu na maji jua linapozama. Miwani yenye kioo cheupe itakuokoa, pamoja na mdomo uliofungwa.

Hatua ya 6: Baiskeli yenyewe

Huhitaji baiskeli mpya, unahitaji tairi pana. Kwenye barabara za vijijini tairi la milimita 28 ndilo la chini ninaloshauri, na 32 ni bora kama fremu inaruhusu. Mtu wa kilo 75 hivi kwenye tairi la 28 anaweza kuanzia presha ya karibu pauni 70 kwa inchi ya mraba (psi), na kwenye 32 karibu 55, kisha arekebishe kulingana na lami. Tairi lililojazwa likawa kama jiwe halikimbii zaidi kwenye lami mbovu. Linakurusharusha na kukuchosha.

Gia ndogo iwe ndogo kweli. Barabara ya pili ina vipande vifupi vya mwinuko mkali wa kutoka bondeni, na gia yenye meno 34 mbele na 32 nyuma haimwaibishi mtu.

Beba tyubu mbili, vyuma vya kubandulia tairi, pampu, viraka, funguo za kukazia skrubu za baiskeli yako, na kiungo cha akiba cha mnyororo. Weka pia koti jepesi la kuzuia upepo, hata siku ya joto, kwa ajili ya kivuko na mteremko mrefu. Njia iingize kwenye kompyuta ya baiskeli kama faili la GPX (aina ya faili la njia linalosomwa na vifaa vya GPS), na nakala iwe kwenye simu pamoja na ramani isiyohitaji intaneti. Mtandao hupotea kwenye mabonde, tena kwa kawaida pale njia inapogawanyika.

Hatua ya 7: Barabarani

Robo ya kwanza iendeshe polepole kuliko unavyotaka. Uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Kama ziwa liko juu, mfano wa Tahoe lililo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, pumzi itakuwa fupi tangu mwanzo; usiulazimishe mwendo wa nyumbani.

Kunywa kabla ya kiu, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto. Kula kuanzia saa ya kwanza: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa kwa safari inayozidi saa mbili. Maji ya ziwa usiyanywe hata yakiwa maangavu, na yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika usiyatumie hata kunawia uso. Huo unaweza kuwa sayanobakteria, bakteria wa majini ambao sumu yao haiondoki kwa kuchemsha.

Sasa tuje kwenye ile kona. Unakumbuka mabonde kumi uliyoyahesabu? Kila moja lina umbo lilelile: mteremko, kona chini penye daraja au kalavati, kisha mlima. Mvua ikinyesha, kijito hubeba kokoto na kuzimwaga hapohapo, chini kabisa, mahali unapofika ukiwa na kasi kubwa kuliko zote. Kwa hiyo kila mstari wa buluu unaokata njia yako kwenye ramani ni onyo, na baada ya mvua ni onyo mara mbili.

Punguza kasi ungali umenyooka, kabla ya kona, kwa breki zote mbili. Ukiingia, achia breki polepole, pedali ya upande wa nje ya kona iwe chini na uzito wako juu yake, macho yakitazama unakotoka, si kokoto unazoziogopa. Tazama lami kwa makini: magurudumu ya magari hufagia michirizi miwili safi, na changarawe hubaki katikati na pembezoni. Pita kwenye mchirizi wa upande wako. Ukijikuta umeshaingia juu ya changarawe, usifunge breki ya mbele na usilaze baiskeli zaidi; isimamishe wima, iache ipite, kisha geuza.

Vitu vingine vya kuangusha watu ni vya haraka kueleza. Mbao za daraja na za gati zikiloa huteleza kama barafu. Njia ya kupandia kivukoni huota ukungu wa kijani, shuka utembee. Reli na vyuma vya kuzuia mifugo vikate kwa pembe mraba, usiligeuze gurudumu juu yake. Kivulini, upande usiopata jua, lami hubaki na unyevu saa nyingi baada ya kwingine kukauka. Ukikuta ng'ombe au farasi, punguza mwendo na useme chochote kwa sauti ya kawaida, maana baiskeli haina kishindo na mnyama akisikia binadamu hashtuki sana.

Mkiwa wengi, barabara nyembamba yenye kona ipiteni mstari mmoja, mkiacha nafasi kila baada ya watu wanne au watano ili gari linaloyapita makundi liwe na pa kuingia.

Hatua ya 8: Sahihisha ramani

Jioni hiyohiyo, kabla hujasahau, fungua njia yako na uiandike upya. Weka alama pale lami ilipoisha, bomba lilipokuwa kavu, mbwa alipotoka, na kona gani ilikuwa na kokoto. Kipande ulichopitwa na magari mengi kitafutie mbadala mara moja. Barabara iliyokosewa kwenye OpenStreetMap unaweza kuirekebisha mwenyewe, na mwenzako wa wiki ijayo hatapelekwa kwenye njia ya mbuzi akiwa na tairi nyembamba. Kando ya kila mlango wa kutokea andika saa uliyofika hasa, si ile uliyopanga, kisha tumia saa hizo kuchagua ziwa linalofuata.